MWAMBA NGOMA HUVUTIA KWAKE: Kwa Nini Kila Mtu Husifu Kwao?

Msomaji mpenzi, wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Ukitaka kuamini, ingia katika darasa lolote la shule yetu na uulize swali moja tu: ni sehemu gani ya Kenya iliyo bora kuliko zote? Utasikia kelele mpaka mwalimu wa zamu afike mlangoni. Wa Pwani atakwambia "Mombasa raha". Wa Kisumu atataja ngege na mbuta. Wa Kericho atasema hakuna maziwa kama ya kwao. Wa Nairobi yeye ataona kwamba popote pale nje ya Nairobi ni ushago tu. Na yule ambaye kwao ni Turkana au Marsabit, mara nyingi atanyamaza, kwa maana anajua akifungua mdomo watu watacheka.

Katika makala haya sikusudii kumpa yeyote kikombe cha ushindi. Nataka kueleza kwa nini watu hupenda sehemu fulani za nchi na kuzikimbia nyingine. Jambo hili si mzaha. Baada ya muda mfupi sisi sote tutakuwa tukichagua chuo, kazi na mahali pa kuishi, na uchaguzi wetu utawafaa watu wa sehemu moja na kuwaumiza wa sehemu nyingine. Nitaonyesha jinsi gani.

Hebu tuanze na hesabu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kenya ilikuwa na watu milioni 47.6. Lau wangegawanywa sawasawa nchini kote, kila kilomita moja ya mraba ingepata watu wapatao 82. Lakini sivyo ilivyo. Kaunti ya Vihiga, ambayo ni ndogo sana, ilikuwa na watu 590,013, yaani zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita ya mraba. Kaunti ya Marsabit, yenye karibu kilomita za mraba 70,000, ilikuwa na watu 459,785 tu, yaani kama watu sita katika kila kilomita ya mraba. Mtu wa Vihiga akipiga chafya jirani yake humwambia "afya", lakini wa Marsabit anaweza kutembea asubuhi yote bila kuonana na mtu. Je, ni nini kilichofanya mambo yawe hivyo?

Sababu ya kwanza ni mvua na udongo. Hii ndiyo mama wa sababu zote. Kericho na Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Lodwar hupata kama milimita 200 tu, yaani sehemu moja kwa kumi. Nyanda za juu zina udongo uliotokana na volkeno, ambao unakubali chai, kahawa, viazi, mahindi na sukuma wiki. Chai yenyewe ilipandwa nchini mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, na mpaka leo inapendelea sehemu hizo hizo zenye mvua na baridi. Basi babu zetu walipotafuta mahali pa kukaa hawakuwa na kitabu cha Jiografia, lakini walijua kusoma mawingu. Wakulima walifuata mvua na wafugaji wakafuata nyasi. Inasemekana kwamba asilimia 80 hivi ya nchi yetu ni kame au nusu kame. Kwa hivyo wakulima wengi wamejibana katika kipande kidogo kilichobaki.

Sababu ya pili ni hali ya hewa na afya. Mwalimu wetu wa Jiografia alitufundisha kwamba kila ukipanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Ndiyo maana Mombasa mtu hulala bila blanketi, na Limuru mtu hulala na mablanketi mawili na bado anatetemeka. Baridi hii ina faida yake. Mbu waenezao malaria hawastawi sana penye baridi, na hivyo watu wa nyanda za juu hawasumbuliwi na malaria kama ndugu zetu wa kandokando ya Ziwa Victoria na wa Pwani. Tena wakimbiaji wetu hupenda kufanya mazoezi Iten, mahali palipo juu ya mita 2,000, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi na huzoesha mapafu kazi ngumu. Mtu wa Pwani naye hawezi kukubali kwamba baridi ni baraka. Atakuuliza: "Huko kwenu mnaonaje jua?" Kwao kuna pepo zenye majina, kaskazi na kusi. Kaskazi huvuma tangu mwisho wa mwaka hadi Machi, na kusi huanza Aprili. Kwa karne nyingi majahazi yaliendeshwa kwa pepo hizo, na ndizo zilizoijenga miji kama Mombasa na Lamu kabla Nairobi haijakuwa na hata kibanda kimoja.

Sababu ya tatu ni njia. Hapa, msomaji wangu, ndipo tunapoacha kazi ya Mungu na kuingia katika kazi ya binadamu. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Nairobi palikuwa ni kinamasi tu, mahali ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe wao maji baridi, na jina lenyewe ndilo maana yake. Wajenzi wa reli walipaona pafaa kuweka karakana kabla ya kuanza kupanda milima. Miaka michache baadaye makao makuu ya serikali ya kikoloni yakahamishwa kutoka Mombasa na kuletwa hapo. Mji wetu wa Nakuru nao ulikua kwa sababu ya reli hiyo hiyo. Kila mahali gari la moshi liliposimama palizuka duka, kisha soko, kisha shule, kisha watu. Mahali ambapo reli haikupita, watu waliendelea kungoja.

Wakoloni waliifuata reli na kujitwalia ardhi nzuri ya nyanda za juu, wakaiita ya wazungu peke yao. Kaskazi mwa nchi walikufanya wilaya zilizofungwa, na mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Fikiria jambo hilo kwa makini. Upande mmoja walijenga reli, barabara, hospitali na shule. Upande wa pili waliweka vizuizi. Hata baada ya Uhuru mwaka 1963 kaskazini kulikuwa na vita vya shifta, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa huko mpaka mwaka 1991.

Isitoshe, mwaka 1965 serikali ilitoa waraka maarufu, Sessional Paper namba 10, ulioeleza mipango ya maendeleo. Humo ilielezwa kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali penye ardhi nzuri, mvua, njia za usafiri na umeme, kwa maana huko ndiko zitakakozaa haraka. Watetezi wa mpango huo walikuwa na sababu yao: nchi ilikuwa changa na pesa zilikuwa chache, na walitumaini kwamba mavuno yatasaidia pia sehemu nyingine. Lakini matokeo tumeyaona. Mwenye nacho aliongezewa, na asiye nacho akaambiwa asubiri. Kwa hivyo mtu akisema leo kwamba sehemu fulani "imebaki nyuma", ni vizuri aulizwe: ilibaki yenyewe, au iliachwa?

Sababu ya nne ni kazi na masomo. Watu huifuata shilingi mahali ilipo. Nairobi ilikuwa na watu karibu milioni 4.4 mwaka 2019, na wengi wao hawakuzaliwa huko. Nairobi ni shamba la mawe, watu husema, yaani hakuna cha kupanda wala kuvuna ila kwa pesa. Hata hivyo kijana akimaliza shule hupanda basi kwenda huko huko, alale katika chumba kimoja na watu wanne, akitumaini kupata kibarua. Mombasa huvuta watu kwa bandari na hoteli. Naivasha huwavuta kwa mashamba ya maua. Kericho na Limuru huwavuta kwa kuchuma majani chai. Mwea huwavuta kwa mpunga. Sisi wenyewe hapa Nakuru, ambao tulipandishwa daraja kuwa jiji Desemba 2021, tu mchanganyiko wa watu kutoka pande zote kwa sababu wazazi wetu walifuata kazi.

Sababu ya tano ni ndugu na usalama, na hii huzungumzwa kwa sauti ya chini. Mtu hupenda mahali ambapo akiugua atapata wa kumwangalia na akifiwa atapata wa kumlilia. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini mapenzi haya ya kwao yana upande wake wa giza. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao, na mji wetu wa Nakuru ulikuwa mmoja wa miji iliyoumia. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, lakini tumesikia nyumbani. Watu waliokuwa wamekaa mahali miaka 30 waliambiwa warudi "kwao", na wengine hata hawakulijua hilo "kwao". Tangu siku hizo kuna wazazi ambao hawawezi kununua ploti mbali na watu wao, hata kama bei ni nafuu na udongo ni mzuri. Hapo mtu huchagua mahali kwa sababu ya hofu, na mvua haimo kabisa katika hesabu yake.

Sasa nieleze kwa nini mambo haya yananihusu. Mwaka jana kaka yangu mkubwa, aliyesomea ualimu wa hesabu na fizikia, alipata barua ya kazi katika kaunti ya Marsabit. Alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili akifundisha watoto wa majirani jioni. Badala ya kushangilia, nyumba yetu ilikuwa kama ya matanga. Mama alisema, "Mwanangu, ni heri ukae bila kazi nikuone." Hakuwa akisema upuuzi. Novemba 2014 basi lilishambuliwa kule Mandera na abiria 28 wakauawa, miongoni mwao walimu wengi waliokuwa wakirudi makwao likizo. Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Baada ya hapo walimu wengi wasiokuwa wenyeji waliondoka upande ule, na shule nyingi zikabaki na madarasa bila walimu. Kutoka Marsabit hadi Mandera ni mbali sana, lakini kwa mama yangu kote huko ni "kule juu".

Baba alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alimwuliza kaka swali moja: "Huko unakokwenda kuna watoto?" Kaka akajibu, "Wako." Baba akasema, "Basi nenda."

Kaka alisafiri kupitia Nyahururu, Nanyuki na Isiolo. Zamani, kutoka Isiolo hadi Moyale, njia ya kilomita 500 hivi, ilikuwa ni mawe na vumbi, na watu walipanda malori ya ng'ombe wakakaa safarini siku kadhaa. Katika miaka ya 2010 barabara hiyo ilitiwa lami yote. Sasa mtu hulala usiku katika basi na kuamka Marsabit. Alipofika alitupigia simu, na neno la kwanza alilosema ni, "Mama, nitumie sweta." Tulidhani anatania. Kumbe mji wa Marsabit uko juu ya mlima wenye msitu, na asubuhi ukungu huufunika kama Limuru! Ni katika msitu huo alipoishi Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu ambaye Rais Jomo Kenyatta aliamuru mwaka 1970 alindwe na walinzi mpaka afe. Jangwa lipo, tena kubwa, lakini liko chini ya mlima. Nayo magurudumu makubwa ya upepo yaliyoko Loiyangalani, katika kaunti hiyo hiyo, ni 365, na yamekuwa yakileta stima katika nyaya za taifa tangu mwaka 2018. Huenda taa ninayosomea usiku inawaka kwa upepo wa mahali ambapo watu wa kwetu huona hapana maana.

Sitaki kupaka mambo rangi. Kaka anasema maji ni ya shida, na kiangazi kikizidi mifugo hufa na watoto huacha shule wakafuate wazazi kwenye malisho. Mboga ni ghali. Tena shuleni kwake kidato cha tatu walikuwa wamekaa mihula miwili bila mwalimu wa fizikia. Hapo nilishika kichwa. Hao ni kidato cha tatu kama mimi, na mtihani watakaoufanya ni huu huu nitakaoufanya mimi, karatasi moja, siku moja, saa moja. Tofauti ni kwamba mimi nimekaa mahali ambapo walimu hupenda kukaa.

Huu ndio mzunguko ninaotaka tuuone. Mahali pakikosa mvua hupata njia mbaya. Pakiwa na njia mbaya hupati walimu wala madaktari. Pasipokuwa na walimu watoto hawafaulu. Wasipofaulu, hakuna mtu wa huko atakayekuwa mwalimu au daktari arudi kwao. Kisha sisi huku hutazama na kusema, "Unaona? Nilikwambia huko hakuna kitu." Penye miti hapana wajenzi, na ni sisi wajenzi tunaokataa kwenda.

Je, mahali panapopendwa hapana kasoro? Panazo tele. Nairobi mvua kubwa ya Aprili na Mei 2024 ilibomoa nyumba na kuua watu, hasa wale waliojenga kandokando ya mito kwa kukosa pengine. Maziwa ya Bonde la Ufa, pamoja na Nakuru letu, yalifurika kufikia mwaka 2020 yakameza nyumba na mashamba. Vihiga mashamba yamegawanywa mpaka mtu hurithi kipande ambacho hakiwezi kulisha watoto wake. Pwani, pamoja na raha zote zinazosifiwa, kuna familia zilizokaa mahali vizazi vingi bila hatimiliki ya ardhi, na huitwa maskwota katika ardhi ya babu zao. Mtalii huona mchanga mweupe, mwenyeji hujua mchanga ni wa nani. Ndiyo wahenga wakasema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Mambo lakini yanaweza kubadilika, kwa kuwa mengi yalifanywa na watu. Katiba ya mwaka 2010 ilileta kaunti 47, na kila mwaka angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa ni lazima zigawiwe kaunti hizo. Katiba hiyo pia ilianzisha Hazina ya Usawazishaji, inayotengewa nusu ya asilimia moja ya mapato kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizosahauliwa. Kuna wanaosema pesa hizo huchelewa ama huliwa njiani. Hayo ni ya kufuatiliwa na wakubwa. Lakini sheria ipo, na barabara ya Moyale ni ushahidi kwamba kilichokosekana miaka 50 kinaweza kujengwa kwa miaka michache watu wakiamua.

Kwa hivyo, wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, si vibaya kupenda kwenu. Mwacha asili ni mtumwa. Lakini ukitaka kulinganisha mahali na mahali, usilinganishe kwa kelele. Uliza: mvua ni kiasi gani? Ardhi ni ya nani? Njia ilifika lini? Walimu na madaktari wangapi wako? Mgeni hupokelewaje? Ukipata majibu ya maswali hayo utajua kwa nini watu wanapapenda ama wanapakimbia, na hutamcheka mtu kwa sababu ya alikozaliwa, maana hakuna aliyejaza fomu ya kuchagua.

Mwaka ujao wengi wetu tutakuwa kidato cha nne, na baadaye barua za vyuo na za kazi zitatufikia. Pengine yako itasema Wajir, au Lodwar, au Hola. Kabla hujairarua, kumbuka swali la baba yangu: huko kuna watoto?

Wasalaam, na mtihani mwema kwa ndugu zetu wa kidato cha nne.